Mikono ya Mama Maandazi

Nilitoka kwa daktari nikiwa na karatasi mkononi, nikavuka barabara pale Kwa Mathias, na kabla sijaisoma mara ya pili harufu ya maandazi ikanikuta. Kuna dada mmoja anakaangia pembeni ya duka la simu, karai lake kubwa, na kwenye iliki hana ubahili. Kwa miaka mingi nimekuwa mteja wake. Aliponiona akachukua kipande cha gazeti na kuanza kunifungia mawili bila kuuliza. Nikamwambia leo hapana.

"Umefunga?" akaniuliza.

Nikacheka. Nikamwambia ndiyo, nimefunga, na funga yenyewe haina futari wala Idi.

Karatasi ilisema kwamba mwili wangu haupatani na ngano. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alinieleza taratibu kwamba ndani ya ngano na shayiri kuna kitu ambacho utumbo wa baadhi ya watu hukiona adui, na katika kupigana nacho utumbo hujiumiza wenyewe. Ugonjwa unaitwa siliaki. Kisha akaniuliza kama katika familia yetu kuna mwingine mwenye tatizo hilo. Nilimwambia yupo, mdogo wangu Hawa. Alitaka kujua nani aliyeugundua kwa Hawa na lini, lakini nje foleni ilikuwa ndefu na watu wameanza kukohoa kwa makusudi, nikasema ni habari ndefu. Basi nimeibeba hadi leo, na wenzangu wa rika langu, tuliokula maandazi ya moto kabla ya kwenda shule, ndio ninaotaka kuwasimulia.

Picha ya Ndege, mtaa wetu, enzi za utoto haikuwa hii ya mageti ya chuma na viwanja vilivyopimwa. Ilikuwa mikorosho, vichaka, nyumba chache za udongo, na barabara kuu ambayo malori yake tuliyajua kwa milio. Baba alikuwa fundi mwashi. Kazi zake zilikuwa Dar, analala kwenye jengo, na nyumbani tulimwona Jumamosi jioni na Jumapili. Mama alikuwa mtu wa bara, wa nyanda za juu kusini kwenye baridi, ambako ngano hulimwa shambani kama sisi tunavyolima mihogo. Alipoolewa pwani alikuja na kanga mbili, sanduku la bati, na ujuzi wa kukanda unga ambao mtaani kwetu haukuwa na mpinzani.

Kila asubuhi alikaa mbele ya nyumba na karai lake. Walimu walinunua, vibarua walinunua, madereva wa malori walisimama wakaacha injini zinanguruma. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Maandazi, na mimi nilikuwa mtoto wa Mama Maandazi, cheo ambacho nilikitumia vizuri sana shuleni. Nilikuwa napenda kumtazama akikanda. Alikunja ngumi, akausukuma unga, akaugeuza, akausukuma tena, na mikono yake ilikuwa mipana, yenye mistari myeupe ya unga kwenye vifundo ambayo haikutoka hata akioga.

Hawa alizaliwa nikiwa na miaka mitano. Alikuwa mtoto mnene mwenye mashavu ya kuvutwa, na kila aliyepita aliyavuta. Mama alipomwachisha ziwa na kuanza kumpa andazi lililolowekwa kwenye chai, mashavu yakaanza kushuka. Akawa anaharisha, anapona siku mbili, anaharisha tena. Mikono na miguu ikawa vijiti, tumbo likatangulia mbele. Nywele zake zikawa nyepesi na rangi ya udongo. Na tabia ikageuka: yule mtoto wa kucheka na kila mtu akawa anakaa kwenye mkeka akilia bila sauti, na ukimgusa anakusukuma.

Tulikuwa tunakwenda naye kliniki, mimi nimebeba kadi yake. Kadi ile ilikuwa na rangi tatu, na hata mimi ambaye sijui hesabu nilijua kuisoma. Kijani ni salama, kijivu ni mashaka, nyekundu ni hatari. Nukta za Hawa zilianza kwenye kijani, zikateremkia kijivu, na siku ile nesi alipoweka nukta kwenye nyekundu mama aliigeuza kadi kifudifudi, nadhani ili wengine waliokuwa kwenye benchi wasiione.

Nesi alikuwa mwema. Alimwambia mama ampe mtoto uji wa lishe, achanganye mahindi, karanga, soya na nafaka nyingine aliyonayo. Mama alikuwa na ngano. Alitia mkono kwenye gunia akachanganya, tena hakupima. "Ngano ina nguvu," aliniambia akikoroga. "Kwetu watoto wanakulia hiyo." Akampa Hawa kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni, anambembeleza, anamwimbia, anampulizia kijiko. Kadiri alivyomlisha ndivyo mtoto alivyozidi kuisha. Namkumbuka mama akikwangua chini ya sufuria ili kisipotee hata kidogo, na mpaka leo nikiikumbuka ile sauti ya kijiko najisikia vibaya.

Midomo ikaanza kuzungumza. Wapo waliosema kwashakoo, lakini kwashakoo kwenye nyumba yenye gunia la unga na karai la mafuta haikuingia akilini. Ndipo likaja lile neno lingine, ambalo mtu mzima yeyote wa pwani analijua na hapendi kulisikia likitajwa kwenye nyumba yake: mtoto amebemendwa. Maana yake ni kwamba wazazi, na hasa mama, hawakushika miiko ya kunyonyesha, wakakutana kabla ya wakati, au mama amekwenda nje ya ndoa kisha akarudi kumshika mtoto. Na kwa mwanamke wa bara ambaye mume wake halali nyumbani siku tano za juma, watu hawakuhangaika kuchagua ni lipi kati ya hayo.

Mimi sikujua maana hiyo. Nilijua tu kwamba kubemenda ni jambo ambalo mama amemfanyia Hawa. Na kwa kuwa kila kitu mama alichofanya alikifanya kwa mikono, nikaamua kwamba liko mikononi. Mchana, akiwa amejilaza baada ya biashara, nilikuwa namsogelea na kuvikagua viganja vyake kimoja kimoja. Nilinusa. Nilikwangua ule unga wa kwenye vifundo kwa kucha. Siku moja niliviosha kwa kitambaa na sabuni ya mche, taratibu asiamke, na alipoamka akauliza nafanya nini nikasema nacheza.

Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua. Mikono hiyohiyo ilinilisha mimi, na mimi nilikuwa nadunda. Nikafikiri sana, kwa akili ile ya miaka minane, nikapata jibu: tofauti yangu na Hawa ni kwamba Hawa anapendwa zaidi. Mimi napewa sahani, yeye anapewa kijiko kwa kijiko na wimbo. Basi nilimfuata mama jikoni nikamwambia, "Mama, nipende mimi zaidi, Hawa mpende kidogo tu, ili apone." Mama alikuwa anakuna nazi. Aliacha, akainamisha uso kwenye magoti, akakaa hivyo mpaka nikaondoka zangu kwa kuogopa.

Bibi mzaa baba alikuja kumchukua Hawa siku ya Jumapili, baba akiwepo. Bibi yetu alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti kavu, na hakuwa na simile hata na mwanawe. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wanavyotaniana na wajukuu, na utani wake ulikuwa ndio mlango pekee wa upole nilioufahamu kwake. Alimtazama Hawa kwenye mkeka, akamtazama mama, akasema, "Huyu mtoto kabemendwa. Namchukua Kisarawe nikamwogeshe dawa. Na nyie wawili msimguse mpaka niseme mimi." Kisha akamgeukia baba. "Na wewe, akipona kwangu, utajua mwenyewe la kufanya na mkeo."

Baba alitazama chini. Mama alikunja nguo za Hawa, akampa bibi, akasimama mlangoni hadi walipopotea upande wa barabara ya kwenda Kiluvya, ambako kuna njia ya kuingilia Kisarawe.

Na Hawa akapona. Ndilo lililokuwa baya zaidi. Kila aliyetoka Kisarawe alileta habari: mtoto kaacha kuharisha, mtoto anakimbia kuku, mtoto kaota mashavu. Kila habari njema ilikuwa ushahidi dhidi ya mama. Alikuwa anacheka kwa furaha mbele ya aliyeileta, anamshukuru, kisha anaingia ndani. Wateja wengine wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Nilimsikia baba Jumamosi moja akimwambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake anangoja jibu. Sikujua jibu gani, lakini nilijua kwamba nikiwa na mama mmoja tu, siko tayari kumpoteza.

Shule ilipofungwa nikapelekwa Kisarawe kumsalimia Hawa. Usiku wa kuamkia safari mama alikanda unga kwa ajili yangu peke yangu. Alifunga maandazi sita kwenye gazeti, akayaweka chini kabisa ya mfuko, chini ya nguo. "Mpe mdogo wako," akaniambia. "Bibi asione. Nataka tu asinisahau."

Kwa bibi kulikuwa ndani kidogo kutoka mjini Kisarawe, nyumba katikati ya shamba la mihogo, mananasi mbele na bonde la mpunga nyuma. Chakula kilikuwa mihogo ya nazi, wali, mchicha, kisamvu, dagaa, na mananasi mpaka ulimi unawasha. Hawa nilimkuta mnene, anaongea maneno mengi, na hakunikumbuka kwa dakika nzima, jambo lililoniudhi sana. Siku ya pili nikamwita katikati ya mihogo, tukachuchumaa, nikafungua gazeti. Alinusa andazi la kwanza, akaniangalia, akasema, "Mama." Halafu akala. Alikula manne siku ile na mawili yaliyobaki kesho yake, na mimi nilimtazama nikiwa nimejaa fahari kwa sababu nilikuwa nimemrudisha mama kwake.

Siku ya tatu tumbo likaumuka. Siku ya nne alikuwa anaharisha na kulia kwenye mkeka, akisukuma kila mkono, Hawa yuleyule wa Picha ya Ndege. Bibi alimwogesha dawa yake ile ya majani, mara moja, mara mbili. Haikusaidia. Jioni akaja akakaa mbele yangu kwenye kigoda, magoti yake yakigusa yangu.

"Mke mwenzangu, usinifiche. Mtoto kala nini?"

Niliapa kwamba hajala kitu. Akaniangalia tu. Nikalia, nikatoa gazeti lenye mafuta nililokuwa nimelificha chini ya godoro, nikamweleza yote, hata habari za kuosha mikono ya mama kwa sabuni, na nikamwomba asimfukuze mama kwa sababu mikono nimeshaisafisha mimi mwenyewe.

Nilitegemea kofi. Bibi alilichukua lile gazeti, akalinusa, akaliweka mapajani na kulitazama hadi kuku wakaingia wenyewe bandani. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Mama yake hajamgusa mwezi wa tatu huu. Baba yake hajamgusa. Sasa nani kambemenda hapa kwangu?"

Lazima niwaeleze jambo moja kuhusu bibi na mihogo, vinginevyo hamtaelewa alichofanya. Shamba lake lilikuwa na mbegu nyingi, nyingine tamu, nyingine chungu, na muhogo mchungu ukiliwa vibaya unalevya, mtu anatapika na kupata kizunguzungu, hata kufa. Mtu akilevywa kwake, bibi hakuuliza nani kapika. Aliuliza umetoka shina lipi. Alikwenda shambani, akachimba kwenye kila shina alilolishuku, akakata kipande kidogo, akaonja peke yake bila kuchanganya na chochote, akangoja. Leo shina hili, kesho lile. Shina baya alilifunga kitambaa chekundu ili lijulikane. Alifanya hivyo tangu msichana, hakufundishwa na yeyote kwamba hiyo ni elimu, na vitambaa vyake vilikuwa vinapepea shambani kila mahali.

Usiku ule alikuwa anahesabu kwa vidole. Alikumbuka kwamba Idi, Hawa akiwa bado mgeni kwake, alimlisha chapati na tambi za sukari, na siku iliyofuata mtoto aliharisha. Wakati ule alisema ni nyama. Akakumbuka harusi ya jirani, mkate wa maziwa, na kuharisha tena. Wakati ule alisema ni kijicho cha watu. "Chapati nilipika mimi," aliniambia. "Kwa mkono wangu huu. Tambi ngano. Mkate ngano. Maandazi ngano." Alisema hivyo akiwa hana furaha hata kidogo, maana alikuwa anaiona kesi yake inamponyoka.

Bibi angeweza kunyamaza. Hilo ndilo ninalolifikiria zaidi sasa nikiwa na umri wa kumfikiria. Kesi ilikuwa mikononi mwake. Angeyachoma maandazi, angesema uchafu wa mwanamke yule umefika mpaka huku, na kijiji kizima kingeitikia. Angebaki na mjukuu, na mwanawe angeoa mke wa karibu na nyumbani kama alivyotaka tangu mwanzo. Hakufanya hivyo. Alitaka kujua shina.

Alingoja Hawa apone. Kisha akamtuma mtu amwite mama. Mama alikuja akiwa amevaa nguo zake nzuri, na sura ya mtu aliyekuja kupokea talaka. Alisalimia kwa magoti, "Shikamoo mama," bibi akaitikia marahaba bila kutabasamu, akamwonyesha jiko.

"Kuanzia leo utampikia mtoto wewe. Wali, mihogo, mboga. Umshike, umlishe kwa mkono wako. Ngano hapana."

Mama alimlisha Hawa juma zima. Kila Hawa alipokwenda chooni sisi watatu tulimfuata kwa macho. Hakuna kilichotokea. Mtoto alikula kwenye mkono ule, akalala juu ya kifua kile, akaamka anacheka. Juma la pili bibi akatoa unga wa ngano, akachanganya na chumvi na maji, akakanda mwenyewe, akapika chapati moja. Mama alipoelewa nia yake alimvuta Hawa nyuma.

"Mama, kwa nini umpe tena?"

"Kipande cha kidole tu, mkwe wangu," bibi akasema. "Na mimi nakula naye. Tusipojua sasa, watasema mpaka unakufa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita mkwe wangu. Mama alimwachia mtoto. Hawa alikula kipande chake, bibi akamaliza iliyobaki kwa shida, akilalamika kwamba vyakula vya unga havijawahi kumpenda. Siku mbili baadaye Hawa aliharisha, si sana, na bibi naye tumbo lilimnguruma mchana kutwa, akasema ni uzee. Mama alilia kwa ajili ya mtoto. Bibi alikaa naye jikoni, na nilimsikia akisema, "Nimekukosea," mara moja tu, kwa ile sauti yake kavu.

Ningemaliza hapo ingetosha. Lakini bibi alisema kosa lenyewe alilitangaza kwa watu, hivyo hawezi kulifuta chumbani. Alfajiri ya siku ya tatu alifunga safari na sisi hadi Picha ya Ndege, kichwani kabeba kitu kizito kilichofungwa kwenye kanga. Akatuambia tusimame mbele ya nyumba, saa ileile ya biashara. Akamkalisha mama kwenye kiti chake, akampakatisha Hawa, akafungua kanga. Ndani kulikuwa na kikaango cha vitumbua, kile cha chuma chenye vishimo saba, alichoachiwa na mama yake. Akakiweka juu ya moto. Rojo la mchele na nazi alilisaga mwenyewe usiku.

Watu walisogea. Wengine walikuwa walewale wa kupita upande wa pili. Kitumbua cha kwanza kilipoiva bibi alimpa mama, mama akakipuliza, akamlisha Hawa, Hawa akala mbele ya macho ya wote. Ndipo bibi akasema, na hakupandisha sauti wala kuishusha:

"Mimi ndiye niliyesema mtoto kabemendwa. Nimekosea. Mkwe wangu hana kosa, mikono yake haina kosa. Ni ngano. Mwili wa mtoto hauitaki ngano, basi. Aliyelisikia la kwanza kwangu na alisikie na hili."

Mwalimu mmoja akauliza vitumbua bei gani. Watu wakacheka, na biashara ikaanza. Mama hakuingiza tena ngano ndani ya nyumba ile. Aliacha kazi aliyoijua kuliko zote akajifunza nyingine mwanzo kabisa, kwa mwanamke aliyetaka kumfukuza, na vitumbua vyake vya mwezi wa kwanza, Mungu anisamehe, vilikuwa vigumu kama kokoto. Baada ya mwaka malori yakaanza tena kusimama. Akawa Mama Vitumbua, na wanaomfahamu leo hawajui kwamba aliwahi kuitwa jina jingine.

Mimi nilikula ngano yangu nje, kwa uhuru wote. Nilikuwa yule mzima, na niliona ni haki yangu kula na sehemu ya Hawa. Hawa alipokuwa sekondari, hospitali kubwa moja ikampima na kumpa lile jina, siliaki, na daktari alishangaa kuona mtu ambaye ameishi bila ngano tangu utotoni bila kuambiwa na daktari. Walimwambia kwamba huko nyuma vitabu viliuandika kama ugonjwa wa Wazungu, na wa watoto wadogo wembamba wenye matumbo. Ukiwa mweusi, au mtu mzima, au mnene, hakuna aliyefikiria kukupima.

Sasa ugonjwa huo unakuja kwa sura nyingine. Mimi sijawahi kuharisha kama Hawa. Nilichokuwa nacho ni uchovu usioisha, damu ya kupungua ambayo vidonge vya madini ya chuma haviwezi kuipandisha, vidonda mdomoni, na mifupa inayouma nikipanda ngazi. Kwa miaka niliambiwa ni kazi nyingi, ni umri, ni malaria ya ndani kwa ndani. Yule daktari wa miwani aliniambia kwamba siku hizi wengi anaowagundua ni kama mimi, watu wazima wasio na tumbo la kuonyesha. Nikamuuliza kama ugonjwa umeongezeka au macho ya madaktari ndiyo yamefunguka. Akasema pengine yote mawili, na akakiri kwamba hapa kwetu bado hawajui vizuri. Nikampenda kwa kukiri.

Lakini mimi namfikiria bibi na chapati yake aliyoimaliza kwa shida. Ujana wake ngano ilikuja na Idi na harusi, ikaondoka. Mwaka mzima alikula mihogo na wali, na kama mwili wake ulikuwa na ugomvi na ngano, walikutana mara tatu nne kwa mwaka na kila mtu akaenda zake. Sisi tunaamka nayo, chapati kwenye chai, mkate kazini, maandazi barabarani, tambi usiku watoto wakikataa ugali. Watu wa upande wa mama huko bara waliila vizazi na vizazi isiwadhuru. Nadhani kama tumeurithi, tumeurithi kwa bibi, na yeye aliufunga kitambaa chekundu bila kujua kwamba shina lilikuwa pia ndani yake. Angekuwa hai ningemwambia, na angenijibu kwamba mke mwenza ana maneno mengi.

Jioni ile nilifika nyumbani, nikamkuta mama amekaa barazani anachambua mchele. Amezeeka sasa, macho hayasomi vizuri. Nikamwambia kwamba nimepimwa, na kwamba nina ule ugonjwa wa Hawa. Nilinyoosha karatasi. Hakuipokea. Aliacha kuchambua, akageuza viganja vyake juu, akavitazama kimoja, akatazama cha pili.

"Na wewe nilikulisha mimi," akasema. "Tangu huna meno."

Miaka yote hiyo, baada ya yote yale, neno lile la kubemenda lilikuwa bado limekaa mahali ndani yake likingoja. Nilikaa chini mbele yake. Nilivishika viganja vile, ambavyo niliwahi kuviosha kwa sabuni ya mche, nikavinusa kama zamani. Vilinuka mchele.

"Mama," nikamwambia, "mikono yako haina kosa. Ni ngano."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akanisukumia ungo.

"Bibi yako alisema hivyohivyo," akasema. "Haya, nenda kaloweke huu mchele. Kikaango kiko palepale."